Asiachwe Peke Yake

Mazungumzo ya redioni. Somo: Yohana 19:25-27

Leo tuzungumze juu ya ndoa, lakini si juu ya siku ya arusi. Tunamfikiri yule anayebaki mwenzake akiisha kufa.

Iko filamu moja mashuhuri ya Kibengali, iliyotolewa mwaka 1959, iitwayo Apur Sansar, yaani Ulimwengu wa Apu. Aliyeitengeneza ni Satyajit Ray wa Calcutta. Kijana maskini jina lake Apu anafuatana na rafiki yake kijijini kuhudhuria arusi. Bwana arusi anapofika, watu wanaona kwamba hana akili timamu. Mama anakataa kumtoa binti yake. Na kwa imani ya watu wale, saa iliyochaguliwa ikipita, msichana hataolewa tena. Basi wanamwomba Apu amwoe, naye anakubali kwa huruma. Anampeleka Aparna mjini, katika chumba kimoja karibu na njia ya reli. Msichana anatazama nje ya dirisha na kulia. Kisha anafuta machozi, naye anaanza kuitunza nyumba. Katika umaskini ule mapendo yanamea. Lakini Aparna anakwenda kwao kujifungua, na huko anakufa. Mtoto anabaki hai.

Apu anafanya nini? Anakimbia. Hataki kumwona mtoto, maana anaona kwamba mama alikufa kwa sababu yake. Anatangatanga miaka kadhaa, hata rafiki yake anamtafuta na kumwonya. Tusimcheke. Kati yetu wako waliofiwa wakakimbilia pombe, na wengine wakakimbilia mji mwingine, watoto wakaachiwa nyanya. Apu alimpenda mkewe kweli, lakini aliikumbatia huzuni yake akasahau kile mkewe alichomwachia. Mwishowe anarudi. Mtoto anamtupia jiwe. Apu anavumilia, na filamu inakwisha baba akiondoka na mwanawe juu ya mabega. Sisi twaona kwamba hapo ndipo alipoanza tena kuwa mume mwaminifu.

Hiyo ni hadithi ya sinema. Sasa sikilizeni habari iliyo kweli, nayo ni ya kwetu.

Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 karibu na msitu wa Nyandarua, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo hatuketi kuamua mambo ya vita vile. Twajua kwamba katika makanisa yetu wako waliopoteza baba zao msituni na kizuizini, na wako waliopoteza ndugu waliouawa kwa kukataa kiapo. Twatazama jambo moja tu. Siku moja kabla ya kufa, Kimathi alimwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Katoliki ya Nyeri. Alisema kwamba anajitayarisha kwenda mbinguni. Kisha akaomba mwanawe apelekwe shule mapema, na mama yake mzee aangaliwe. Akamtaja na mkewe, aliyekuwa amefungwa Kamiti vilevile. Aliomba masista wamfariji, kwa sababu yuko mpweke. Na kama ikiwezekana, akiisha kufunguliwa akae karibu na misheni, kama pale Mathari.

Wapendwa, mtu aliyekuwa na usiku mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kujifikiri mwenyewe. Lakini alifikiri upweke wa mkewe. Hapo tunakumbuka somo letu. Bwana Yesu, akiwa juu ya msalaba katika maumivu makali, alimwona mama yake amesimama, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Na yule mwanafunzi hakujibu kwa maneno; alimchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Mapendo yanayotoka kwa Mungu huuliza swali hili: nikiondoka, nani atakuwa pamoja naye?

Na mke naye? Mukami Kimathi aliwalea watoto. Miaka mingi, serikali moja baada ya nyingine, aliomba aonyeshwa mahali mumewe alipolazwa, apate kumzika kwa heshima. Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi, na chuo kikuu kimoja cha Nyeri chaitwa kwa jina lake. Lakini sanamu si kaburi. Mukami aliaga dunia tarehe 4 Mei 2023, akazikwa Njabini, bila kupewa mifupa ile aliyoiomba.

Pale pale Nyeri mjini, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro, liko kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Mkewe Olave alikufa Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa yakazikwa pamoja na mumewe. Mjane mmoja alivuka bahari kwenda kulala karibu na mumewe. Mwingine alikaa nchini mwake, asipate pa kuweka ua. Bwana anawaona wote wawili. Someni 2 Samweli 21, habari za Rispa, aliyeketi juu ya mwamba akilinda maiti za wanawe mchana na usiku, ndege na wanyama wasiwaguse. Hakuwa na nguvu yo yote ila kukaa pale. Lakini habari zake zilimfikia mfalme, na mifupa ikazikwa.

Basi, ninyi waume, msingoje usiku wa mwisho. Je, mkeo anajua hati ya shamba iko wapi? Anajua deni lako katika chama cha ushirika cha kahawa? Jina lake limeandikwa benki? Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtambua mjane. Hata hivyo bado wako mashemeji wanaong'oa mipaka kabla ya udongo wa kaburi kukauka. Kaa na mkeo na watoto, mbele ya mzee wa kanisa ukipenda, useme na kuandika.

Na sisi washirika, tujitazame. Siku ya maziko tunajaa uani, tunaimba, tunachanga, tunapika. Mwezi wa nne nani anapiga hodi? Nani anamsaidia mjane kuchuma kahawa yake wakati wa mavuno? Yohana alimpokea Mariamu nyumbani. Hakumtumia salamu tu.

Na tuombe.

Ee Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, wakumbuke leo wote waliobaki peke yao. Wakumbuke na wale wasiojua wapendwa wao wamelala wapi. Wewe wajua kila kaburi. Uwape waume na wake moyo wa kutunzana wangali hai, na kanisa lako mlango ulio wazi. Twaomba kwa jina la Yesu. Amina.