Kabla ya Kukabidhi Kodi ya Nyumba



Tunapozungumzia watu wasio na makazi, wengi wetu huwafikiria wanaolala kwenye baraza za maduka. Tunaisahau familia yenye chumba leo, ambayo kesho itakosa pa kulala kwa sababu ya kodi iliyopotea. Dar es Salaam, mpangaji mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye hudai ujira sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo zikiangukia mikononi mwa tapeli, akiba ya miaka imekwenda, na paa limekwenda nayo.

Kwa hiyo tunawasihi: msilipe kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe. Ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa na majirani kama nyumba ni yake kweli. Andikianeni mkataba unaotaja kodi, muda na notisi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Mgogoro ukizuka, anzieni Baraza la Kata kwa usuluhishi. Suluhu ikikosekana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nanyi wenye nyumba, pokeeni kodi kidogo kidogo. Mpangaji asiyeelemewa ndiye anayedumu.