Atlantis Yatua kwa Mara ya Mwisho

Msikilizaji, umesikia katika taarifa ya habari: leo, Julai 21, 2011, chombo cha anga Atlantis kimetua Florida kabla ya mapambazuko ya huko, kwetu ikiwa saa saba kasoro dakika tatu mchana. Wanaanga wote 4 wamerudi salama. Ni safari ya 135 ya vyombo vya anga vya Marekani vya aina hii, na ya mwisho, baada ya miaka 30.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Vyombo hivi ndivyo vilivyoipeleka angani darubini ya Hubble, na kubeba sehemu kubwa ya Kituo cha Anga cha Kimataifa.

Wanaotaka vistaafu wana hoja nzito: gharama kubwa mno, na roho 14 zilizopotea, 7 katika ajali ya chombo Challenger mwaka 1986 na 7 katika ajali ya chombo Columbia mwaka 2003. Kwa upande wa pili, maelfu ya wafanyakazi wanapoteza ajira, na Mmarekani atafika kituoni kwa kupanda chombo cha Soyuz cha Urusi, kwa nauli ya mamilioni ya dola. Mimi naona wangeunda kwanza chombo kipya, ndipo wakiegeshe cha zamani.

Nikuulize basi, msikilizaji: taifa lililofika mwezini mwaka 1969 litakaa kama abiria hadi lini?