Usimlaze Nyanya: Mifupa Dhaifu na Tiba ya Viungo



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, mada niliyopewa ni mifupa ya wazee wetu. Najua kuna atakayesema, "Sisi vijana, mifupa ya wazee yatuhusu nini?" Yatuhusu sana, manake nyanya anayeamka usiku kutupashia daku ndiye huyo huyo anayeteleza chooni akienda kutawadha. Na akishaanguka, ni mimi na wewe tutakaombeba.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita osteoporosi. Mfupa hupungua na kuwa na matundu mengi ndani, mpaka unavunjika kwa jambo dogo. Hauna homa wala hauumi. Mtu huja kujua siku amejikwaa kwenye mkeka, kiwiko cha mkono au nyonga ikavunjika. Pingili za mgongo zaweza kuvunjika hata kwa kuinua ndoo ya maji, na ndipo unamwona mzee anafupika na kupinda. Jamaa husema, "Ah, ni uzee tu." La, si uzee tu! Duniani, katika waliopita miaka 50, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 huvunjika mfupa kwa ajili ya ugonjwa huu. Kina mama huathirika zaidi kwa sababu hedhi ikikoma, homoni inayolinda mifupa hupungua. Wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu pia wako hatarini.

Sasa, wengi wetu tukiambiwa mama ana mifupa dhaifu, tunafanya nini? Tunamlaza. "Mama, wewe kaa, usishike kitu." Nia ni njema, ni katika kuwatendea wema wazazi. Lakini mfupa ni kitu hai. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobeba. Tazama wanaanga: ni watu wenye afya na nguvu, lakini kwa vile huko angani mwili hauna uzito, hupoteza kama asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ikiwa hao ni hivyo, je, mzee wa miaka 70 anayelala kitandani kutwa?

Hapo ndipo inapoingia tiba ya viungo. Wengine hudhani ni kukandwa mafuta tu. Sivyo. Mtaalamu kwanza humwangalia mzee anavyotembea, na kama aweza kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Humuuliza pia dawa anazotumia, kwani nyingine huleta kisunzi. Kisha humpangia mazoezi yake yeye: kutembea, kuinuka na kukaa kitini mara kadhaa, kuvuta mpira wa mazoezi ili misuli ya mgongo ipate nguvu, na kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Hili la mwisho ni la kujenga mizani ya mwili. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Na asiyeanguka, aghalabu havunjiki.

Je, mfupa wenyewe waweza kuongezeka? Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua kina mama 101 wenye mifupa iliyopungua. Kundi moja liliinua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8. Mifupa yao ya kiunoni iliongezeka kwa karibu asilimia 3, ilhali ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua. Lakini jamani, msiende kumtwika nyanya gunia la unga! Wale walisimamiwa na wataalamu hatua kwa hatua. Aliyewahi kuvunjika pingili asipinde mgongo kwa nguvu wala kujinyonganyonga, na asianze zoezi lolote kabla ya kuonwa. Mazoezi pia hayachukui nafasi ya dawa.

Katika mwezi huu kuna mambo ya kuangalia. La kwanza ni sala. Mzee afundishwe kurukuu kwa kukunja nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Akiwa hawezi, dini imempa ruhusa ya kusali kwenye kiti, tusimwone amepungukiwa. La pili ni dawa. Kuna kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, kinachomezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha mtu akae wima nusu saa bila kula. Anayefunga amuulize daktari mapema akinywe saa ngapi, asikiache tu mwezi mzima. La tatu ni chakula. Futari isiwe viazi na bhajia pekee. Pawe na maziwa, sukuma wiki, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Tena wazee wanaoshinda ndani watolewe uani wapate jua, kwani ndilo linaloupa mwili vitamini D.

Na wewe kijana, kazi yako ni hii. Leo kabla ya magharibi, zunguka nyumba yenu. Mkeka uliokunjamana pembeni uondoe au uubane. Sakafu ya choo ikaushe, na ndala zilizolika zitupe. Weka taa au tochi karibu na kitanda cha nyanya, maana stima hupotea bila kubisha hodi. Kisha mpeleke hospitali; uliza idara ya tiba ya viungo. Baada ya futari tembea naye, pole pole, umshike mkono.

Usisahau mifupa yako pia. Mwili huweka akiba ya mfupa mpaka karibu miaka 30, na baada ya hapo ni kutumia tu. Anayeshinda kwenye simu kutwa ajue anaweka akiba ndogo.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na atupe sisi subira ya kuwahudumia kama walivyotuhudumia. Ramadhan Karim.