Mlango wa Chini: Mgombea Mpya na Majengo ya Ghorofa katika Kampeni za Bunge la Jimbo la Minnesota

Mada kwa semina ya wagombea na wanakampeni wa jamii ya Afrika Mashariki, Minneapolis

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze kampeni ya mgombea anayemkabili mwenye kiti katika Bunge la jimbo. Waandaaji wamenisihi nisimpigie debe mtu wala chama, nami nitatii.

Ya msingi mnayajua. Baraza la Wawakilishi lina viti 134, Seneti viti 67. Mwakilishi hukaa miaka miwili kisha anarudi kwa wananchi. Mgombea awe ametimiza miaka 21, ameishi jimboni mwaka mmoja na katika eneo la uchaguzi miezi sita. Ada ya kujiandikisha ni dola 100. Hiyo miezi sita isichukuliwe kimzaha: mwaka 2024 mshindi wa eneo la 40B alizuiwa na mahakama kushika kiti kwa sababu ya makazi. Mchujo ni Agosti, uchaguzi mkuu Novemba. Tusonge mbele.

2. Mwenye kiti na anayekitaka

Mwenye kiti ana jina, ana orodha ya waliompa kura, ana wafadhili wanaopokea simu yake. Mgombea mpya ana miguu tu.

Mfano tunaopenda kuusimulia ni wa eneo la 60B mwaka 2016, pale Ilhan Omar, aliyepitia kambi ya wakimbizi nchini Kenya utotoni, alipomwangusha Phyllis Kahn aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972. Tunausimulia kama muujiza, tukisahau kwamba Mohamud Noor alikwisha kumkabili Kahn mwaka 2014 akashindwa, na kwamba mwaka 2016 wote watatu walikuwa kwenye karatasi moja ya mchujo, kura zikagawanyika. Ushindi wa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, katika eneo la 38A mwaka 2024 ni habari nyingine: mwenye kiti aliyekuwapo hakugombea tena. Tusichanganye mambo.

3. Mlango wa chini

Hapa ndipo nitakapokaa, na mwenyekiti aniwie radhi kwa muda.

Watu wetu wengi wanaishi kwenye ghorofa. Riverside Plaza peke yake, pale Cedar-Riverside, ina nyumba zipatazo 1,300. Na kura chache huamua: kwingineko, mwaka 2024, kiti cha eneo la 54A kiliamuliwa kwa kura 14. Kura 14 ni korido moja, tena fupi. Lakini kabla ya korido kuna mlango wa chini wenye kufuli la umeme, na nyuma yake mtu wa mapokezi aliyeambiwa kwamba hakuna kuingia.

Sheria ya jimbo, kifungu cha 211B.20, inasema vingine. Ni kosa kumzuia mgombea kuingia katika jengo la makazi lililomo katika eneo anakogombea, iwe nyumba za kupanga, mabweni au makao ya wazee. Ana haki ya kuandamana na wanaojitolea, na kuacha vipeperushi milangoni kwa utaratibu. Maneno yako wazi. Shida ni vizingiti vilivyofuata: msimamizi anaweza kudai kitambulisho, kupanga saa zinazofaa, kupunguza idadi ya watu hadi kiasi cha busara, na kutaka miadi kabla. Kila kimoja kina sababu yake, sikatai. Wapangaji nao wana haki ya kulala. Ila kuna kampuni moja ya usimamizi, sitaitaja, ambayo kwa miaka imeyageuza hayo kuwa ukuta. Unaomba miadi, unaambiwa meneja yuko likizo. Meneja akirudi, anataka barua kutoka makao makuu. Barua inajibiwa mchujo umeshapita.

Na adhabu? Ni kosa dogo lisilo na kifungo, faini isiyozidi dola 300. Kwa kampuni yenye majengo mengi hiyo ni fedha ya chai. Polisi akiitwa, mara nyingi hakijui kifungu chenyewe, na simlaumu.

Kuna jambo la pili lisilosemwa. Haki hii ni ya mgombea pamoja na wanaomsindikiza. Mgombea asipokuwepo, wenzake hawana pa kushika. Mwenye kiti hilo halimsumbui, maana jina lake liko tayari vichwani mwa watu. Mgombea wetu ni muuguzi wa zamu ya usiku au dereva wa lori. Jioni watu wanaporudi nyumbani, ndipo yeye anatoka kwenda kazini. Nadhani sheria iliandikwa na watu wenye jioni zao.

4. Mapendekezo

Kwa wagombea: miadi iombwe kwa maandishi mapema sana, kwa kila jengo, hata lile mnalodhani liko wazi. Upigaji kura wa mapema huanza siku 46 kabla, maana yake mchujo wa Agosti huanzia Juni. Anayeomba miadi Julai amechelewa. Nakala ya kifungu iwe mfukoni kwa kila anayesindikiza. Mkizuiwa, msigombane na mtu wa mapokezi, naye ni kibarua kama sisi, tena pengine ni jirani yenu. Andikeni jina la jengo, saa, na maneno aliyoambiwa mgombea.

Mgombea awepo mwenyewe. Narudia: awepo mwenyewe. Zamu zibadilishwe, likizo ichukuliwe wiki zenye maana.

Kwa wapangaji: mpangaji anaweza kumkaribisha mgeni wake. Mama mmoja wa ghorofa ya nane akifungua mlango wa chini, miadi si hoja tena kwa mgombea kufika nyumbani kwa mama huyo, ingawa hilo halimpi mgeni ruhusa ya kuzunguka jengo zima.

Kwa waandaaji wa semina hii, ombi ambalo nimekwisha kulitoa kwenye vikao vingine: iundwe orodha moja ya majengo, mameneja na anwani zao, itumiwe na wagombea wa vyama vyote. Kila msimu tunaanza upya kana kwamba majengo yamehama.

Kwa wabunge, wakiwemo waliotoka kwetu: wekeni muda wa mwisho wa kujibu ombi la miadi. Siku tatu zinatosha. Msimamizi akinyamaza, ihesabiwe kuwa amekubali. Na faini itazamwe upya. Wanasheria watasema ni suala nyeti la mali binafsi. Lizungumzwe basi kamatini, si mapokezi.