HELIKOPTA NA HESABU YA MZIGO
(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Leo tuzungumze habari za helikopta. Wengi wetu tumeiona ikipita juu ya mashamba. Maswali tunayoulizwa ni mawili. Inapaaje bila mabawa? Na kwa nini rubani hukataa kupakia watu wote, hata wakati wa taabu kama mafuriko? Swali la pili ndilo zito, maana anayeachwa nyuma ni ndugu wa mtu. Lakini ili tulielewe, tuanze na la kwanza.

Tuchukue mfano wa helikopta ndogo iitwayo Lama. Iliundwa Ufaransa, kwa sababu India ilitaka helikopta ya kufanya kazi katika milima mirefu ya Himalaya. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Machi, 1969. Mafundi hawakuanza upya. Walichukua kiunzi cha helikopta nyepesi ya Alouette II, wakakiimarisha, wakatia injini na mapanga ya Alouette III iliyo kubwa zaidi. Baadaye India nayo iliiunda kwake, ikaiita Cheetah.

Sasa je, inapaaje? Juu yake kuna mapanga 3 marefu. Yakizunguka huchora duara lenye upana wa mita 11. Mmeona panga boi la ofisini linavyosukuma hewa chini. Helikopta hufanya vivyo hivyo, ila kwa nguvu nyingi sana. Hewa inasukumwa chini, na helikopta inanyanyuka juu.

Na lile panga dogo la mkiani? Mapanga makubwa yakizunguka upande huu, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande ule. Panga la mkiani linauzuia. Likivunjika, helikopta itazunguka kama pia.

Injini ya Lama si kama ya lori. Inavuta hewa, inaishindilia, halafu inachoma mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. Moto unaotoka kwa kasi unazungusha gurudumu lenye vipande kama vya feni, na gurudumu hilo ndilo linalozungusha mapanga. Injini hii ina uwezo wa nguvu za farasi 870, lakini waundaji waliizuia isitumie zaidi ya 550. Kwa nini?

Kwa sababu hewa ya juu milimani ni nyepesi. Injini hupata hewa kidogo, ikapungua nguvu. Mapanga nayo hupata hewa kidogo ya kusukuma. Basi ile nguvu iliyobaki ni akiba, kama chakula tunachoweka ghalani kungoja miezi ya njaa. Hewa ya joto nayo ni nyepesi. Ndiyo maana helikopta ile ile inaweza kubeba mzigo asubuhi ya baridi, ikashindwa na mzigo huo huo saa nane mchana.

Haya, tushike kalamu, tupige hesabu. Lama tupu ina uzito wa kilo 1,020 hivi. Watu na mizigo wakiwa ndani, haitakiwi kuzidi kilo 1,950 kwa jumla. Toa 1,020, zinabaki kilo 930.

Tangi lake likijaa huchukua lita 570 hivi. Lita moja ya mafuta hayo ni karibu kilo 0.8. Kwa hiyo mafuta ni kilo 456. Zinabaki kilo 474.

Ina nafasi ya watu 5, pamoja na rubani. Tuseme kila mmoja ana kilo 75. Jumla ni kilo 375. Zinabaki kilo 99. Mmeona? Watu watano na tangi limejaa, kinachobaki ni gunia moja tu la mahindi! Na hapo hatujaingia milimani, wala jua halijawa kali. Rubani anaweza kupunguza mafuta ili apakie zaidi, lakini atakwenda karibu zaidi.

Nguvu ya mashine hii si ndogo. Tarehe 21 Juni, 1972, rubani Mfaransa Jean Boulet aliipandisha Lama hadi mita 12,442. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Lakini alikuwa peke yake, na vitu visivyo vya lazima vilikuwa vimeondolewa. Huko juu injini ikazimika. Boulet akateremka bila injini, mapanga yakizungushwa na hewa iliyokuwa ikipita kutoka chini, mpaka akatua salama. Hivyo helikopta ikizimika haianguki lazima kama jiwe. Hata hivyo inahitaji urefu wa kutosha kutoka ardhini na rubani hodari.

Sasa tunaweza kujibu swali la pili. Rubani akisema, "Wanatosha," si kiburi. Amepiga hesabu. Akimwongeza mtu mmoja kwa huruma, anaweza kuwapoteza wote. Kazi yetu ni kupanga mapema nani atangulie: mgonjwa, mama mjamzito, mtoto. Tena tuseme uzito wa mizigo kwa kweli, bila kuficha.

Na siku ikitua kijijini kwetu, tukumbuke haya:
1. Tusisogee mpaka rubani atuite kwa ishara.
2. Twende kwa mbele, anapotuona, tukiwa tumeinama.
3. Tusipite nyuma kamwe. Panga la mkiani likizunguka halionekani, nalo huua.
4. Penye mteremko, tuingie kutoka upande wa chini. Upande wa juu mapanga yako karibu na vichwa.
5. Tushike kofia na khanga, na tuwazuie watoto na mifugo.

Zoezi: Kama mafuta ni lita 300 tu, zitabaki kilo ngapi? Jadilianeni katika kikundi chenu.