Simu Isile Mbolea ya Shamba

 

Mara nyingi katika mazungumzo haya tunasema habari za wadudu waharibifu, kama vile dumuzi ghalani na viwavijeshi vamizi shambani. Leo nataka tuzungumze juu ya mdudu mwingine. Huyu haonekani kwa macho, wala hana dawa ya kupuliza. Anakula pesa, naye anaingia nyumbani kupitia simu ya mkononi.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Sisemi kwamba simu ni mbaya. Simu ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe. Kwa simu unauliza bei ya mahindi mjini kabla lori halijafika kijijini, na mnunuzi hawezi kukudanganya. Kwa simu unapokea malipo yako na kumwita bwana shamba. Tena tangu msimu wa 2022/2023, Serikali ilipoanza mpango wa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha, simu imekuwa njia ya mkulima kupata namba yake ya kununulia mbolea. Kwa hiyo simu tunaihitaji.

Lakini nikuulize swali moja. Mbegu ulinunua kwa shilingi ngapi? Utanijibu mara moja. Mbolea je? Utanijibu. Haya, na simu yako ilikula shilingi ngapi tangu mwezi wa kwanza hadi leo? Hapo wengi tunakaa kimya. Gharama tusiyoijua ndiyo inayotuumiza.

Simu ya mkopo

Nitawasimulia habari ya ndugu mmoja katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini, ambako huwa tunakwenda kutoa mafunzo. Analima mahindi na maharage. Mwaka mmoja baada ya mavuno alichukua simu janja kwa mkopo. Dukani, kwa pesa taslimu, simu ile ilikuwa shilingi 220,000. Yeye akaambiwa atoe kianzio cha shilingi 50,000, halafu alipe shilingi 1,000 kila siku kwa mwaka mzima. Akaona elfu moja ni kitu gani? Ni bei ya soda tu!

Sasa tuipige hesabu pamoja. Siku 365 mara shilingi 1,000 ni shilingi 365,000. Ongeza kianzio 50,000. Jumla ni 415,000. Toa 220,000, bei ya taslimu. Ndugu yetu alikubali kulipa shilingi 195,000 zaidi, na hakujua, kwa sababu aliitazama ile elfu moja tu.

Hayo hayakuwa makubwa. Makubwa yalikuja baadaye. Mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi alilipa vizuri, maana alikuwa bado anauza mahindi. Mwezi wa kumi na moja pesa zote zikaenda kwenye mbegu na kulimia. Mwezi wa kumi na mbili akashindwa kulipa, na simu ikafungwa. Simu za mkopo wa namna hii hufungwa kwa mbali. Inabaki inawaka mkononi, lakini huwezi kuitumia.

Ndani ya simu ile ilikuwamo laini aliyoandikishia ruzuku ya mbolea. Yeye alidhani simu ikifungwa na laini nayo imefungwa. Akaiweka sandukuni. Alipokuja kwangu zilikuwa zimepita wiki tatu. Nikaitoa laini, nikaitia katika simu yangu ya kitochi, ikashika mtandao vizuri kabisa. Lakini ujumbe wenye namba yake haukuingia, kwa sababu mtandao hauhifadhi ujumbe siku zote ukimngoja mwenyewe. Ikabidi twende ofisi ya kijiji kuomba namba upya. Mpaka mbolea ya kukuzia inapatikana, mahindi yalikuwa yamekwisha kuwa ya njano, na wakati wake mzuri umepita. Ndugu zangu, mahindi hayamsubiri mtu.

Tunajifunza nini hapa? Jambo la kwanza, laini na simu ni vitu viwili. Simu ni kama jembe, ukilivunja utaazima la jirani. Laini ni kama shamba lenyewe, ndimo lilimo jina lako, namba yako na pesa zako. Basi simu ikifungwa au ikiharibika, toa laini siku hiyohiyo, uitie katika simu nyingine.

Jambo la pili, mkulima hapati mshahara wa kila siku. Pesa yake inakuja kwa msimu. Deni la kulipwa kila siku linamfaa mwenye genge au mwenye bodaboda, ambaye kila jioni anahesabu chochote. Kwetu sisi, deni hilo linakuja kubana mwezi ambao ghala ni tupu na shamba linadai.

Kama ni lazima ukope, uliza maswali manne kabla ya kutia sahihi. Jumla yote mpaka mwisho ni shilingi ngapi? Nikichelewa, simu inafungwa baada ya siku ngapi? Naweza kulipa kwa mkupuo wakati wa mavuno? Nikimaliza, nitapewa karatasi gani ya kuonyesha simu ni mali yangu? Mwenye duka asipokujibu waziwazi, mwage kwa heri, rudi nyumbani. Na kama unaweza kungoja, nunua kwa taslimu mwezi wa saba au wa nane, wakati una mazao ya kuuza.

Kitochi au simu janja?

Wengine wanaona aibu kushika kitochi. Aibu ya nini? Kitochi kinapiga, kinapokea ujumbe, kinatuma na kupokea pesa. Mambo makubwa ya mkulima yote yamo.

Tena kuna gharama moja tunaisahau, nayo ni ya kuchaji. Tuseme kijijini kwenu hakuna umeme, na kuchaji ni shilingi 300. Simu janja inataka kuchajiwa karibu kila siku. Siku 30 mara 300 ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Kitochi ukikichaji mara mbili kwa wiki, ni kama mara nane kwa mwezi, yaani shilingi 2,400. Tofauti ni shilingi 6,600 kila mwezi, na bado hujapiga simu hata moja!

Simu janja ina faida yake, sikatai. Unaweza kupiga picha jani lililoliwa na wadudu ukamtumia bwana shamba. Lakini nyumba moja haina haja ya simu janja tatu. Moja ya pamoja na vitochi kwa wengine vinatosha.

Kuchagua kifurushi

Sasa tuje kwenye vifurushi, au bando kama vijana wanavyosema. Bei za vifurushi hubadilika na kila mtandao una zake. Bei nitakazotaja hapa ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka za mtandao wako.

Tuseme kifurushi cha siku ni shilingi 500. Ukinunua kila siku, kwa siku 30 umetoa shilingi 15,000. Cha wiki tuseme ni shilingi 2,500. Vinne kwa mwezi ni shilingi 10,000. Unaona? Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, sawa na anayenunua sukari kwa vijiko.

Lakini ngoja. Usikimbilie kikubwa kwa sababu tu ni rahisi kwa hesabu. Kifurushi cha mwezi ambacho nusu yake inakwisha muda bila kutumika ni hasara. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kifurushi kikubwa cha mwezi, nikajiona mjanja. Mwezi ulipokwisha dakika nyingi zilikuwa bado zimo, zikapotea zote. Nilikuwa sijajua nahitaji kiasi gani.

Fanya hivi. Chukua daftari la mtoto la shule. Kwa wiki mbili andika kila simu unayopiga, yaani umempigia nani, mtandao gani, dakika ngapi. Mwisho wa wiki mbili jumlisha. Utashangaa. Pengine utaona watu unaowapigia sana ni wanne tu, na watatu wako mtandao mmoja. Basi kifurushi cha mtandao huo kinakutosha, huna haja ya kile ghali cha mitandao yote.

Kabla ya kubonyeza kukubali, soma mambo haya: kinakwisha lini, na saa ngapi? Dakika ni za mtandao mmoja au yote? Zinatumika mchana au usiku tu? Kuna kifurushi kinachojinunua upya chenyewe? Kama hujui kusoma vizuri, mwombe mwanao akusomee, lakini namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata mwanao.

Jambo lingine, kifurushi kikiisha simu inaweza kuanza kula salio la kawaida, ambalo huwa ghali zaidi. Kwa hiyo usiache salio kubwa limelala humo. Na mwenye simu janja azime intaneti asipoitumia, azuie pia picha na video zisijipakue zenyewe. Video za vikundi vya soga humaliza kifurushi usiku wewe umelala.

Ukitaka ushauri wa bwana shamba, usimtumie video. Picha tatu zinatutosha: moja ya jani kwa karibu, moja ya mmea mzima, moja ya shamba. Zinakula intaneti kidogo kuliko video, na sisi tunaona vizuri zaidi.

Salio la kukopa

Huyu ndiye mdudu mdogo kuliko wote, lakini hachoki. Umeishiwa salio, mtandao unakukopesha. Tuseme umekopa la shilingi 1,000, ukapewa la 850. Shilingi 150 zimeondoka. Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki ni shilingi 450. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 23,400. Hizo umezitoa bure, hukuzungumza nazo hata neno moja. Kopa siku mgonjwa amezidiwa. Usikope kwa kusalimiana.

Mtandao gani?

Watu huniuliza, bwana shamba, mtandao upi ni rahisi? Mimi nawajibu, kwanza upi unashika shambani kwako? Mtandao wa bei nafuu usioshika bondeni ni ghali, maana unatembea nusu saa kwenda mlimani kutafuta mawimbi.

Ukiona mwingine unashika vizuri na vifurushi vyake ni nafuu, huna haja ya kutupa namba yako. Tangu tarehe 1 Machi 2017 hapa Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, ukiwa na kitambulisho chako. Lakini kabla ya kuhama lipa salio ulilokopa, na toa pesa zako zote kwenye simu.

Na laini uliyoandikisha kwa mambo ya ruzuku au ya chama cha ushirika usiiache ikalala miezi. Laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa. Hakikisha pia imesajiliwa kwa jina lako na alama zako za vidole, si kwa jina la shemeji. Piga *106# uangalie. Na akikupigia mtu asiyejulikana akasema tuma pesa ndipo upate mbolea, huyo ni tapeli. Meseji ya utapeli ipeleke namba 15040. Ukikatwa pesa usizozielewa, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako. Wasipokusikiliza, peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA.

Mwisho

Ndugu wakulima, nikumbushe kwa ufupi. Simu nunua wakati wa mavuno, kwa taslimu ukiweza. Ukikopa, uliza jumla, usiulize ya kwa siku. Andika wiki mbili ndipo uchague kifurushi. Salio la kukopa liwe la dharura. Laini yako itunze kama hati ya shamba.

Na yule ndugu niliyewasimulia? Alimaliza deni lake mavuno yaliyofuata. Simu janja anayo, lakini laini ya mbolea sasa imo ndani ya kitochi, nacho kinaning'inia mlangoni karibu na jembe. Ukutani ameandika kwa mkaa kiasi anachotumia kila mwezi kwa simu. Nilipopita kwake mara ya mwisho alinionyesha mahindi yake, yamekoza kijani. Akacheka, akasema, "Bwana shamba, mwaka huu simu haikula mbolea."