Tupa Kabla ya Mashine: Mwanzo wa Anayejifunza Ufundi wa Chuma kwa Kuupenda Tu

Mada hii inamhusu mtu mwenye kazi yake nyingine, awe karani, mwalimu au nesi, anayetaka kujifunza ufundi wa chuma siku za mapumziko. Swali lake la kwanza huwa ni bei ya mashine ya kukereza. Naomba tuliahirishe. Aanze na jiriwa, tupa, msumeno wa chuma na kalipa, na mashine isubiri mpaka aweze kusawazisha kipande cha chuma kwa mkono.

Sisemi hivyo kwa kubana matumizi tu. Jiriwa hufungwa mezani taya zake zikilingana na kiwiko cha anayesimama. Tupa hukata ikisukumwa mbele, ikirudi, haikandamizwi. Asiyezoea huibembeza, kipande kikabaki na mgongo katikati. Akisimamisha rula juu yake na kutazama kwenye mwanga, ataona upenyo pande zote mbili. Kazi hiyo inachosha, nakubali, lakini ndiyo inayompa jicho. Hata Henry Maudslay, Mwingereza aliyeunda mashine mashuhuri ya kukereza skrubu karibu na mwaka 1800, alisifiwa na waliofanya naye kazi kwa ustadi wake wa tupa.

Chuma cha kujifunzia kiwe laini. Wengi huokota vipande vya nondo kwa kuwa vimejaa kila palipo na ujenzi, ila nondo nyingi za siku hizi hupoozwa kwa maji kiwandani, gamba la nje likawa gumu kuliko moyo wake. Eksoli ya gari ni ngumu zaidi. Dawa ni kujaribu kwa tupa: ikiteleza bila kung'ata, kitafutwe kingine.

Kwenye vipimo, joto hudanganya. Chuma chenye kipenyo cha milimita 100 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi huongezeka karibu milimita 0.05. Ukikipima kingali moto na kukata hadi kipimo kamili, kikipoa kitapwaya.

Siku ya mashine ikifika, glavu zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe, na mtandio au tai visining'inie. Ufunguo wa kukazia taya za mashine usiachwe kwenye tundu lake hata kidogo; mashine ikiwashwa, unaruka kama risasi. Machicha ya chuma huondolewa kwa brashi au ndoano mashine ikiwa imesimama, kamwe si kwa vidole.

Mashine yenyewe si lazima kununua. Kwa Tanzania, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, huendesha kozi fupi, na karakana za mtaani zipo. Kabla ya kulipa ada, mwanafunzi aulize jambo moja: atashika mashine mwenyewe, au atasimama akitazama?